Ukipata 9 Kati ya 30

Mwaka 1963, katika mji wa Cambridge nchini Uingereza, mvulana wa miaka 10 aliyekuwa akitoka shule alipitia maktaba ya mtaani kwao. Jina lake Andrew Wiles. Alipenda hesabu, akachukua kitabu cha hesabu, na humo ndani akakuta swali la ajabu. Ajabu yake ni kwamba mtoto kama yeye aliweza kulielewa, ilhali mabingwa wa dunia nzima walikuwa wamehangaika nalo zaidi ya miaka 300 bila kulimaliza.

Hata wewe utalielewa, hasa kama umeshakutana na Pythagoras. Unajua kwamba 3² + 4² = 5², maana 9 na 16 ni 25. Ziko namba nyingine nyingi za namna hiyo: 5, 12 na 13, au 8, 15 na 17. Sasa ondoa kile kipeo cha pili, weka cha tatu, kisha utafute namba tatu nzima, isiwemo sifuri, zinazokubali. Hutazipata. Weka kipeo cha nne, weka cha tano, weka cha mia. Hutazipata. Mfaransa Pierre de Fermat ndiye aliyelisema hilo, yapata mwaka 1637. Aliandika pembeni mwa ukurasa wa kitabu chake kwamba anao uthibitisho mzuri sana, ila nafasi ile ya pembeni ni ndogo, hautaenea. Akafa bila kuuandika popote.

Yule mvulana hakulisahau lile swali. Alikua, akawa profesa wa hesabu huko Princeton, Marekani, na kwa miaka 7 alilifanyia kazi karibu kwa siri, katika chumba cha juu darini nyumbani kwake. Juni 1993 akarudi Cambridge, mji wake wa utotoni, akatoa mihadhara kwa siku tatu mfululizo. Siku ya mwisho, tarehe 23, aliandika ubaoni ile kauli ya Fermat, akawaambia waliokuwapo kwamba ataishia hapo. Ukumbi ukalipuka kwa makofi, na magazeti ya dunia yakaitangaza habari hiyo.

Sasa tega sikio, maana sehemu inayofuata ndiyo iliyonifanya nikusimulie kisa hiki.

Kazi za mabingwa nazo husahihishwa. Andiko la Wiles, la kurasa takriban 200, lilipelekwa kwa wasahihishaji 6, kila mmoja na sehemu yake. Mmoja wao, Nick Katz, aliipitia sehemu yake mstari kwa mstari. Kila alipokwama alimwandikia Wiles kumuuliza, Wiles akajibu, Katz akasonga mbele. Likaja swali moja ambalo jibu lake halikutosha. Wiles akajibu tena, bado halikutosha. Mwishowe akatambua kwamba lile halikuwa swali dogo: palikuwa na pengo katikati ya uthibitisho wake, na bila kuliziba kazi yote haisimami.

Fikiria hali yake. Dunia imeshampigia makofi, na sasa kazi imerudi ina kosa. Lakini angalia pia kile ambacho hakikutokea. Hakuna aliyemwandikia sifuri akafunga faili. Hakuna aliyemwambia kwamba muda wa kukusanya umekwisha. Aliachiwa kosa lake alishughulikie. Januari 1994 alimwomba Richard Taylor, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, aje washirikiane. Miezi ikapita, pengo likabaki palepale.

Tarehe 19 Septemba 1994, akiwa karibu kukata tamaa, Wiles aliketi kwenye meza yake kutafuta jambo moja tu. Hakuwa tena akilazimisha njia yake ifanye kazi. Alitaka aelewe hasa kwa nini haifanyi kazi. Na alipoelewa kwa nini, akaona kwamba kitu kilekile kilichoiangusha njia hii ndicho kilichokuwa kikikosekana katika njia nyingine, aliyoijaribu miaka ya nyuma akaiacha. Akaziunganisha njia mbili, pengo likazibika. Mwaka 1995 kazi ilichapishwa ikiwa kamili, na mwaka 2016 alipewa Tuzo ya Abel, mojawapo ya tuzo kubwa kuliko zote za hesabu. Hakuna aliyesema tuzo ipunguzwe kidogo kwa kuwa mara ya kwanza alikosea.

Turudi darasani.

Karatasi za jaribio zimesahihishwa. Monita anapita kati ya madawati akigawa. Yako ina 9 kati ya 30 kwa wino mwekundu. Unaikunja ile kona yenye namba, unaisukumia ndani ya daftari, kisha unamgeukia jirani: “Wewe umepata ngapi?” huku moyoni ukiomba naye awe amepata chache. Mwalimu anasema, “Fanyeni masahihisho.” Anaandika majibu ubaoni, nanyi mnanakili. Neno Masahihisho linaandikwa juu na kupigiwa mstari kwa rula. Madaftari yanakusanywa, yanapigwa tiki, yanarudi. Kesho yake mada mpya inaanza.

Desturi hii ya masahihisho iko katika shule zetu tangu zamani na mimi naipenda. Ila naamini tumeiachia njiani. Katika yote hayo niliyoyataja, hakuna mtu aliyekuuliza ulikosea kwa nini. Na hata kama Ijumaa utakuwa umeyajua yote barabara, 9 itabaki 9 mpaka ripoti ya mwisho wa muhula. Mtoto mwenye akili anaona upesi kwamba masahihisho ya namna hiyo ni zoezi la mwandiko, naye anayafanya kama zoezi la mwandiko.

Ninachokitetea ni kwamba mwanafunzi wa miaka 12, 13 au 14 aliyepata alama za chini aruhusiwe kuirekebisha kazi yake, airudishe kwa mwalimu, na alama mpya ihesabiwe. Nimetaja umri huo kwa makusudi. Tanzania, mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili huingia Kidato cha Kwanza akakuta karibu kila somo limekuwa Kiingereza. Anaweza kuwa anajua vizuri jinsi jani linavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, ila swali limekuja kwa lugha ambayo bado anapapasa, akapata 9. Namba ile imepima nini, sayansi au lugha? Kenya nako, tangu Gredi ya 7 ya kwanza ianze Januari 2023, tathmini zinazofanyika shuleni katika Gredi ya 7 na ya 8 zimetengewa asilimia 20 ya matokeo ya mwanafunzi anapomaliza Gredi ya 9. Kumbe alama za siku zile ambazo mtoto bado anaanza kuzoea masomo mapya zinaweza kumfuata mbali.

Sasa nikuonyeshe kurekebisha ninakokusema, maana si kufuta na kuandika jibu la mwenzako. Tuchukue kosa moja ambalo walimu wa hesabu wanalijua kama wanavyoyajua majina ya watoto wao. Swali linasema: fungua mabano, (a + b)². Nawe ukaandika a² + b². Mwalimu akaweka alama ya kosa.

Masahihisho ya kunakili yangekuwa hivi: a² + 2ab + b². Unaandika, unapigiwa tiki, na wiki tatu baadaye kwenye mtihani unaandika tena a² + b². Unajua kwa nini? Kwa sababu lile wazo lililokupeleka kwenye kosa halikuguswa. Bado linaishi kichwani mwako, na bado linaonekana la kweli.

Basi tuliguse. Badala ya a weka 3, badala ya b weka 4. Ndani ya mabano, 3 + 4 ni 7, na 7² ni 49. Kwa njia yako wewe, 3² + 4² ni 9 + 16, yaani 25. Ni 49 au 25? Haziwezi kuwa sawa. Zimepotea 24. Zimekwenda wapi?

Chukua daftari lenye visanduku, chora mraba wa visanduku 7 kwa 7. Ndani yake, kwenye kona ya juu kushoto, chora mraba wa 3 kwa 3, uupake rangi. Kona ya chini kulia chora mraba wa 4 kwa 4, nao uupake rangi. Hiyo miwili ndiyo a² na b² zako. Sasa tazama pale pasipo na rangi. Kuna mstatili mmoja juu kulia na mwingine chini kushoto, kila mmoja una visanduku 3 kwa 4, yaani 12. Miwili pamoja ni 24. Zile namba zilizopotea zilikuwa zimekaa hapo muda wote, ndizo 2ab. Ukishaziona kwa macho yako, sidhani kama utazisahau tena.

Kazi ya kurudisha basi ingekuwa na maneno yako mwenyewe, kama haya: Niliandika a² + b² kwa sababu nilidhani kipeo kinaingia ndani ya mabano kwa kila herufi, kama tunavyofanya kwa (ab)². Nilijaribu kwa 3 na 4 nikaona zinapungua 24. Nimechora mraba, nimeona mistatili miwili niliyoiacha. Halafu chini yake unafanya swali jingine ambalo halikuwemo kwenye jaribio, tuseme (x + 5)², bila kuangalia popote. Mwalimu akisoma hayo, anajua kwa hakika unajua nini, kuliko anavyoweza kujua kwa tiki 10 za kunakili. Na umeona? Umefanya kilekile alichokifanya Wiles Septemba ile: umeuliza kwanza kwa nini haikufanya kazi.

Kosa kama hili lina siri yake, na wachunguzi wa akili ya binadamu wameiona. Mwaka 2001, Brady Butterfield na Janet Metcalfe wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walichapisha utafiti wao. Waliwauliza watu maswali ya maarifa ya jumla, na kwa kila jibu mtu aliulizwa ana uhakika kiasi gani. Aliyekosea aliambiwa jibu sahihi. Baadaye wakaulizwa tena maswali yale. Pengine ungedhani kosa ambalo mtu alilishikilia kwa nguvu ndilo gumu kung’oka. Ikawa kinyume. Makosa waliyokuwa na uhakika nayo sana ndiyo yaliyorekebishika kwa urahisi zaidi kuliko yale ya kubahatisha. Inaelekea mtu akistushwa na kosa lake, akili hukaza macho. Lakini ona sharti lililomo humo: jibu sahihi lilimfikia, na akapata kuulizwa tena. Bila kuulizwa tena, mshtuko ule unageuka aibu tu.

Mtafiti mwingine, Ruth Butler, alifanya kazi na watoto wa shule nchini Israel, na mwaka 1988 akaandika alichokiona. Wengine walirudishiwa kazi zikiwa na alama tu, wengine maoni ya maandishi bila alama, wengine alama na maoni pamoja. Waliopewa maoni peke yake ndio waliosonga mbele katika kazi iliyofuata. Waliopewa vyote viwili hawakunufaika kama wao. Nadhani unajua kwa nini, maana nawe hufanya hivyo: jicho linakwenda kwenye namba, na maneno ya pembeni hayasomwi. Lakini kama karatasi ile inaweza kurudishwa na alama ikapanda, maneno yale ya pembeni ghafla yana kazi. Unayasoma kama mtu anayesoma ramani ya njia anayokwenda kupita.

Wazo hili si la jana. Mwaka 1968, Benjamin Bloom wa Chuo Kikuu cha Chicago aliandika kwamba wanafunzi walio wengi wanaweza kuyajua vizuri yanayofundishwa shuleni, iwapo watapewa muda unaowatosha na msaada pale wanapokwama. Shule, alisema, imezoea kumpa kila mtoto muda uleule, kisha inashangaa matokeo yanatofautiana. Utaratibu wake ulikuwa hivi: fundisheni mada kwa wiki moja au mbili, toeni jaribio dogo la kuonyesha nani amekwama wapi, wasaidieni waliokwama kwa njia tofauti na ile ya kwanza, kisha toeni jaribio la pili, sawa na la kwanza lakini kwa maswali mengine. Waliofuzu mapema wapewe kazi za kuwanoa zaidi. Walimu wengi waliomfuata waliweka kiwango cha kufuzu karibu na asilimia 80, na mtoto hakuhamishwa kwenda mada mpya akiwa amebeba 9 kati ya 30 mgongoni.

Najua yapo malalamiko, na mengine yana uzito. Yule aliyepata 27 mara ya kwanza anasema, “Mimi nilisoma usiku, mwenzangu alilala, leo sote tuna 27. Haki iko wapi?” Ndugu yangu, 27 yako ipo palepale, haijapungua hata nukta. Tena mwenzako amefanya kazi mara mbili kufika ulipofika wewe. Kama shule ingekuwa mbio, ungelikuwa na hoja. Lakini mwalimu hakuingia darasani kutafuta nani wa kwanza kujua kufungua mabano. Aliingia ili wote mjue.

Wengine wanasema watoto watazembea mara ya kwanza wakijua ipo ya pili. Wapo watakaojaribu, sikatai. Dawa yake ni kuifanya nafasi ya pili iwe na bei: harudishi mtu ambaye hakujaribu kabisa, harudishi mtu bila kueleza kosa lake kwa maandishi, na siku ya mwisho inajulikana. Mvivu akiona kwamba kuzembea kunamzidishia kazi, ataamua mwenyewe.

Kuna walimu wanaochukua njia ya katikati: wanajumlisha alama ya zamani na mpya, wanagawa kwa mbili. 9 na 27 inakuwa 18. Naiheshimu nia yao, ila siikubali hesabu yao. 18 haimsemi mtoto wa Februari, ambaye hakujua, wala haimsemi mtoto wa Machi, ambaye anajua. Inamsema mtoto ambaye hajawahi kuwepo.

Lalamiko zito kuliko yote ni la mwalimu mwenyewe. Darasa lina watoto 70, ana mikondo minne, na madaftari yamejaa mezani mpaka hamwoni anayeingia mlangoni. Leo unamwambia asahihishe mara mbili? Hapa siwezi kukudanganya kwamba ni jambo jepesi. Mwalimu anaweza kuanza na waliopata chini ya kiwango fulani tu, akapitia yale maswali waliyokosa tu, na kwa wengine akamwita mtoto mezani kwa dakika moja amweleze kwa mdomo. Dakika moja inatosha kumtambua aliyenakili. Lakini sehemu kubwa ya mzigo huu inaweza kubebwa na wewe mwanafunzi. Kabla kazi haijamfikia mwalimu, mpe mwenzako aisome, akuulize “kwa nini hapa?” kama Katz alivyomuuliza Wiles. Ukishindwa kumjibu, bado haijawa tayari.

Na si kila kitu kinaweza kurudiwa hivi. Mtihani wa taifa ukikusanywa umekusanywa, msimamizi hakupi karatasi ukasahihishe nyumbani. Ndiyo maana nataka makosa yako yote makubwa uyamalizie kwenye mazoezi na majaribio ya darasani, mahali ambapo bado kuna mtu wa kukurudishia.

Huenda shuleni kwenu utaratibu huu haupo. Mwalimu anaweza kuombwa. Usiende kwake kipindi kinapoanza, wala usimsimamishe mbele ya darasa zima. Mfuate wakati wa mapumziko, ukiwa tayari umeshaifanya kazi, umeishika mkononi.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba. Una shida gani?”

“Samahani, mwalimu. Nilipata 9 kwenye lile jaribio. Nimeyarudia maswali niliyokosa, nimeandika kwa kila moja nilikosea wapi. Naomba uniangalizie, na kama inawezekana unipe maswali mengine nijaribu.”

Kumbuka hujamwomba alama. Umemwomba akuangalizie na akupime tena, na ni walimu wachache sana wanaoweza kumfukuza mtoto aliyekuja na ombi la namna hiyo. Akisema alama haziwezi kubadilika kwa sababu zimeshaingizwa kwenye ripoti, mshukuru, na bado umwachie kazi aisome. Akikubali, muulize siku ya kuileta na usiivuke. Karatasi ya zamani, yenye ile 9, ibane nyuma ya mpya. Atahitaji kuziona zote mbili.